Sifuri Mbele ya Nukta

Mwalimu Mghoi hakuanza na sindano.
Alianza na sifuri.
Aliichora ubaoni, kubwa kama sufuria,
kisha nukta, ndogo,
akaikandamiza hadi chaki ikakatika.
"Nukta ikisimama peke yake," alisema,
"ni ploti ya Kayole isiyo na soja:
yeyote anaingia.
Wekeni sifuri getini.
Mnasema sifuri haina thamani?
Mimi thamani yake nimeiona. Ina urefu huu."
Akatupimia kwa viganja viwili
kitu kama mkate.

Tukacheka. Tulidhani ni mkate.

Tulikuwa thelathini na mmoja katika chumba cha watu wanane,
na mgonjwa mmoja wa plastiki
tuliyemwita Mheshimiwa, kwa kuwa hajibu maswali.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetobolewa na miaka sita ya wanafunzi;
maji tuliyomdunga yalimtokea kwapani.
Tulimuua mara nyingi.
Otuoma alimuua Jumatatu, mimi Alhamisi,
na kila alipokufa Mwalimu hakugomba.
Alivuta kiti, akakaa, akavua miwani.
"Haya. Nani aliona?
Na nani aliona, akanyamaza?"

Swali hilo la pili ndilo lililotutoa jasho.

Sasa ni Julai, saa tisa usiku, wadi ya watoto.
Baridi inapenya dirishani,
pale kioo kilipovunjika tukaziba kwa picha ya eksirei,
mbavu za mtu asiyejulikana zikitukinga upepo.
Watoto wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne.
Kalekye amesinzia kwenye kiti, mkono wake
umepita kati ya vyuma kumshika wake kisigino.
Karatasi ya dawa inasema: dawa ya moyo.
Inasema tano.
Au inasema nukta tano,
maana mbele ya tano pana doa,
na doa laweza kuwa wino,
laweza kuwa chai,
laweza kuwa nzi aliyetua hapo mchana akaenda zake.

Nimesimama kwa saa kumi na moja.
Bomba la sindano limepata joto mkononi mwangu.
Daktari Lempaa amelala, mara ya kwanza tangu juzi,
na mara ya mwisho nilipomwamsha
aliniuliza mbele ya watu:
"Kwani huko chuoni mlisomea nini?"

Nilisomea hili.
Nilisomea kusimama hapa na kutojua,
na kusema kwa sauti kwamba sijui.

Napiga simu. Inaita. Inaita mpaka inakatika.
Napiga tena.

Anakuja na soksi bila viatu.
Anaiinua karatasi kwenye taa, anaigeuza,
anaigeuza tena. Haniangalii.
Anaomba kalamu yangu
na kuandika sifuri, polepole, kama mtoto wa chekechea,
duara lisilokutana vizuri juu.
Anakaa kimya kidogo.
"Na huyu mwingine?" anauliza. "Lete yake pia tuone."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi.
Kalekye hakuamka; asubuhi atalalamikia uji,
na uji wenyewe kweli ni maji.
Katika daftari la zamu nimeandika:
dozi imethibitishwa, saa tisa na dakika kumi na saba.
Nikaweka nukta mwisho wa sentensi.
Hiyo haihitaji soja.

Lakini kuna jambo linanirudia ninaponawa mikono,
maji ya bomba yakiniuma vidole.
Ule urefu wa mkate:
alikuwa mtoto wa nani?
Wa mgonjwa wake? Wake mwenyewe?
Miaka mitatu alitufundisha kuuliza,
thelathini na mmoja sisi,
na hilo
hakuna aliyemuuliza.